Kumbukumbu ya mradi wangu: wiki 16 za mpiga mateke mbele ya mwanamieleka

Wiki ya 1

Raundi tano za dakika tatu tatu, nimeangushwa mara 11. Naiandika idadi hiyo hapa juu nisije nikaipunguza kichwani baadaye. Nina miaka mingi ya karate na sita ya kikboksi, na aliyeniangusha ni mwanamieleka wa uzito wangu ambaye hajawahi kujifunza kurusha teke. Masharti tuliyapanga kabla ya kuanza: mimi napiga kwa nguvu ya wastani nikiwa na glavu nene, yeye anatafuta kuniangusha na kunidhibiti. Anayebanwa anagonga mkeka, na mwenzake anaachia papo hapo.

Usiku nimekaa nikazirudia zile mara 11, moja baada ya nyingine. Karibu zote zinafanana. Napiga ngumi mbili, nasimama palepale nione zimefika wapi, na kabla sijaona chochote bega lake liko kiunoni kwangu. Kwenye kikboksi tabia hiyo haikuwahi kunigharimu, kwa kuwa niliyempiga naye alikuwa anajipanga kunirudishia. Mwanamieleka harudishi ngumi. Mkono wangu ukinyooka, mbavu na nyonga zinabaki wazi, na huo ndio wakati anaoungoja.

Nimejipa wiki 16, siku mbili kila wiki, pamoja naye na mwalimu wangu. Sitafuti kuwa mwanamieleka. Nataka kubaki mpigaji, lakini mpigaji anayerusha mkono bila hofu ya kunyanyuliwa.

Wiki ya 2

Msimamo. Nimezoea kusimama wima, uzito mwingi mguu wa nyuma, mguu wa mbele mwepesi ili niunyanyue haraka kuzuia mateke. Mguu huo mwepesi ndio anaoubeba. Mwalimu amenishusha magoti, akanipanulia miguu, akanitaka nishushe na mikono kidogo, viwiko vikae karibu na mbavu.

Hasara yake nimeiona siku hiyohiyo. Nilipopigana na mwenzangu wa kikboksi nikiwa katika msimamo huo mpya, alinipiga mateke ya paja nisiyoweza kuyazuia kwa wakati. Hakuna msimamo unaokinga kila kitu. Itabidi niwe na misimamo miwili, na nijue lini nahama mmoja kwenda mwingine.

Wiki ya 3 na ya 4

Wiki hizi mbili zimekuwa za kitu kimoja: kutupa miguu nyuma. Mtu anapojirusha kwenye miguu yako, unaitoa miguu hiyo nyuma na kumwangushia uzito wako juu ya mabega. Kwa maneno ni rahisi, na mimi nilidhani nakijua. Kumbe nilikuwa natupa miguu huku nyonga zikibaki juu, kama mtu anayejiandaa kupiga pushapu. Nyonga zikibaki juu, yeye chini anapata nafasi ya kuvuta magoti yake, kujikusanya na kuendelea kusukuma. Kinachotakiwa kuanguka ni nyonga, tena kwa uzito, ziingie kati ya mabega yake na miguu yangu. Magoti yangu yasiguse mkeka, maana goti likigusa uzito unahamia ardhini badala ya kukaa mgongoni mwake.

Mwalimu alisimama nyuma yangu na kila nilipotua alinikanyaga kiunoni kwa unyayo, taratibu, mpaka nyonga zishuke. Mara mia kwa siku. Siku ya tatu mwili ulianza kufanya bila kuulizwa.

Sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika: baada ya kutua, usikae. Mimi nilikuwa nikishamzuia naridhika, namkumbatia kutoka juu. Yeye akihema mara mbili anahama upande, anatokea mgongoni kwangu. Sasa nimefundishwa kuweka mfupa wa mkono shavuni kwake na kugeuza uso wake. Kichwa kikielekea kushoto, mwili wote unafuata kushoto. Mtu hawezi kukusukuma mbele huku anatazama pembeni. Uso ukishageuka namsukuma kichwa chini, nazunguka, nasimama nje ya mikono yake.

Mwisho wa wiki ya 4, mara 9. Nilitarajia nafuu kubwa zaidi.

Wiki ya 5

Nimetumia jioni mbili kusoma historia, kwa kuwa nilitaka kujua wapigaji walionitangulia walifanya nini. Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver nchini Marekani, yalifanyika mashindano ya kwanza ya UFC, ya kupambanisha watu wa mitindo tofauti ya kupigana. Royce Gracie, mcheza jujitsu (mchezo wa kubana na kukaba chini) wa Kibrazili, alimaliza watu watatu usiku mmoja. Wa kwanza alikuwa bondia Art Jimmerson, aliyepanda na glavu mkono mmoja tu. Alipolazwa chini hakujua pa kuanzia, akasalimu amri bila hata kukabwa. Wa mwisho, Gerard Gordeau, alikuwa bingwa wa mateke, naye alipigwa kabali.

Wengi huishia hapo na kusema ngumi hazifai mbele ya mieleka. Mimi nimekaa zaidi kwenye pambano la Julai 1997, Maurice Smith dhidi ya Mark Coleman. Smith alikuwa bingwa wa kikboksi, Coleman mwanamieleka aliyefika Olimpiki. Coleman alimwangusha mapema na akakaa juu yake kwa muda mrefu. Smith hakuharakisha. Alijikinga na kujibu kwa viwiko akiwa chini, mpaka Coleman akaishiwa pumzi. Aliposimama, Coleman hakuweza tena hata kuinua mikono vizuri. Dakika 21, na majaji wakampa Smith ushindi na mkanda.

Hilo nimeliweka kiporo. Nahisi kuna jambo langu ndani yake, bado sijalishika.

Wiki ya 6

Makwapa. Tukishakumbatiana, anayepitisha mkono chini ya kwapa la mwenzake ndiye anayeongoza, kwa sababu ndiye anayeweza kunyanyua. Nimezoea kukumbatia kwa mikono yote miwili nyuma ya shingo, niweze kupiga magoti. Dhidi ya mpiga mateke mwenzangu huo ni mshiko mzuri sana. Dhidi ya huyu, mikono yangu ikipanda shingoni yeye anazama chini yake na kuchukua miguu yote miwili.

Zoezi: tunasimama kifua kwa kifua, hakuna kupiga, tunagombania makwapa tu kwa dakika tano. Bega linaungua. Akinipita, namfungia mkono wake kwa juu, nambana pale juu ya kiwiko, nageuza nyonga mbali naye. Kichwa changu kikae chini ya taya lake, kimsukume juu, kwa sababu aliyenyooka mgongo hana nguvu ya kunyanyua mtu. Hili la kichwa sikuwahi kufundishwa popote, na naona limenisaidia kuliko mikono.

Wiki ya 7

Sikufanya mazoezi. Mbavu zimeteguka nilipotua vibaya.

Wiki ya 8

Nimerudi polepole. Mazoezi ya miguu tu, bila kuguswa.

Wiki ya 9

Hii ndiyo wiki iliyobadilisha mradi wote.

Nimeangushwa mara 8. Nilikaa pembeni nimenuna, mwenzangu akaja akakaa karibu nami. Akaniambia, "Kaka, unajua kwa nini sichoki nikicheza na wewe? Wewe ukishaanguka unakubali. Ukikubali, mimi napumzika juu yako."

Nikamkumbuka Smith na Coleman.

Wiki nane zote nilikuwa nahesabu mara ngapi naangushwa, na kila nilipoanguka, kichwani hesabu ilikuwa imefungwa: nimeshindwa, tusubiri kengele. Nilikuwa nampa mapumziko kila baada ya sekunde thelathini, kisha nashangaa kwa nini raundi ya tano bado anajirusha kwa kasi ileile. Kumwangusha mtu kunachosha sana. Kumshikilia asiyejitingisha hakuchoshi kabisa. Kumshikilia anayeinuka kila baada ya pumzi mbili, hapo mikono inakufa ganzi.

Kuanzia leo nahesabu kitu kingine: nimekaa chini muda gani. Mwalimu amepewa saa. Mara ya kwanza kupima, mara moja nilikaa chini dakika moja na sekunde arubaini, zaidi ya nusu ya raundi.

Wiki ya 10 na ya 11

Kuinuka, siku zote nne. Naanza nikiwa chini, yeye juu, tunarudia.

Nilichokuwa nafanya ni kile anachofanya kila mpigaji aliyeogopa: kujigeuza kifudifudi nijisukume kwa mikono. Ukimpa mgongo mwanamieleka au mcheza jujitsu, umempa shingo. Mara tatu siku ya kwanza mkono wake ulipita chini ya kidevu changu na nikagonga mkeka.

Njia ninayojifunza ina mpangilio. Kwanza kulala ubavu, kamwe si mgongo bapa, maana aliyelala bapa hana nyonga. Pili, mkono wa mbele unakuwa kizuizi shingoni au begani kwake, kiwiko kikiwa kimebana mbavu, unanunua nafasi ya kiganja kimoja. Tatu, mkono wa nyuma unatua mkekani nyuma yangu, mguu wa upande huohuo unavutwa chini ya mwili, na nainuka nikiwa namtazama yeye muda wote. Nikikosa nafasi, nashughulika na mikono yake kabla ya kitu kingine: nashika kiganja kwa mikono yangu miwili, nafungua mshiko, ndipo nasogea. Kujaribu kusimama wakati mikono yake bado imefungana kiunoni kwangu ni kupoteza nguvu bure.

Penye ukuta mambo yanakuwa mepesi. Naegemeza mgongo, napanda taratibu, goti moja likiwa limekunjwa kuzuia asivute miguu yote kwa pamoja.

Wiki ya 12

Sasa nimeweza kurudi kwenye kupiga, na nina furaha ambayo sikuitarajia. Kwa vile sihofii tena kuanguka, mikono imefunguka. Hofu ilikuwa inanifanya nipige ngumi nusu, na ngumi nusu ndizo zinazodakwa.

Mateke nimeyachuja. La shavu la mguu na la paja la chini nimelibakiza, mradi nilirushe mwishoni mwa ngumi, yeye akiwa anajikinga uso. La mbavu nimeliacha kabisa kwa sasa. Linadakwa kirahisi, na ukidakwa mguu umebaki na mmoja. La kichwa nalirusha tu nikimwona anarudi nyuma, kamwe si akija. Goti ni silaha kubwa kwa anayeinama kuja miguuni, lakini ukilirusha kwa kubahatisha umesimama kwa mguu mmoja mbele ya mtu anayetafuta mguu. Mazoezini goti langu linagusa tu, na mimi ndiye ninayelisimamisha. Sitacheza na kichwa cha mwenzangu.

Ngumi ya mbele, jebu, ndiyo iliyonishangaza. Sikuhitaji iwe nzito. Nikimgusa paji la uso kila anapotaka kushuka, anachelewa nusu sekunde, na hiyo inatosha nyonga zangu kuondoka. Na kila jebu inafuatwa na hatua ya pembeni. Nimepiga, nimeondoka. Nimerudia kutazama Holly Holm alivyompiga Ronda Rousey Novemba 2015, kule Melbourne: Rousey mcheza judo anakuja moja kwa moja, Holm anapiga na kuzunguka, anapiga na kuzunguka, hata alipokumbatiwa akajinasua. Teke la shingoni lililomaliza pambano raundi ya pili lilitokana na miguu iliyokwisha kumchosha mwenzake.

Wiki ya 14

Wiki ngumu. Mwenzangu ameanza kunihadaa: anajifanya anashuka, mimi natupa miguu nyuma mapema, yeye anabaki juu na kunikamata shingo nikiwa nimeinama. Mara 7. Nilikasirika, kisha nikaelewa kwamba amelazimika kubuni hila kwa kuwa njia ya zamani haimfikishi. Dawa tunayojaribu ni kutazama nyonga zake badala ya mabega. Mabega yanadanganya. Nyonga zikishuka kweli, amekuja kweli.

Nimegundua pia kwamba mara tano kati ya hizo saba mgongo wangu ulikuwa ukutani. Ukuta unanisaidia kuinuka, lakini nikiwa bado nimesimama unaninyang'anya nafasi ya kutupa miguu. Inabidi nizunguke kabla ya kuugusa.

Wiki ya 16

Raundi tano, masharti yaleyale ya wiki ya 1. Nimeangushwa mara 5. Muda mrefu kuliko yote niliokaa chini ni sekunde 22. Raundi ya tano hakuniangusha hata mara moja. Alijaribu mara tatu, na mara ya tatu alibaki amepiga magoti, mikono mapajani, akitafuta hewa. Nilimsubiri ainuke kisha tukaendelea mpaka kengele.

Tulipomaliza alinishika bega akasema, "Leo umenifanyisha kazi, kaka." Nami nikamwomba anitafutie mtu. Ana rafiki anayecheza judo, ambaye hagusi miguu kwa mikono kabisa. Anashika juu, kolani na mikononi, kisha anapiga mtama. Kila nilichojifunza cha kutupa miguu nyuma hakitamhusu huyo. Anakuja Jumanne, nami nimeanza kushona upya kola ya gi yangu ya zamani, vazi la karate.