Siku moja maishani mwangu: mchana fundi wa kiwanda, jioni fundi wa ving'ora

Saa 10:30 alfajiri

Saa hizi ndiyo ofisi yangu. Watoto wamelala, simu haiiti, na kichwa bado hakijajaa kelele za mashine. Naandika makadirio ya mteja mmoja wa Kipunguni: paneli (kisanduku kinachoongoza king'ora), sensa mbili za kuhisi mtu akipita, sumaku za milango, king'ora cha nje na cha ndani, betri ya volti 12, waya, ufundi. Namtumia kwa WhatsApp ikiwa PDF yenye jina la biashara na TIN, namba ya mlipakodi, juu, si meseji ya kuchapa tu. Mtu anayetaka kukukabidhi ufunguo wa duka lake anaanza kukupima kwenye karatasi.

Kwa asiyenijua: nimeajiriwa kama fundi umeme wa matengenezo kwenye kiwanda kimoja Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Jioni na Jumamosi nafunga ving'ora vya wizi kwenye maduka na nyumba za ukanda wetu huu wa Gongo la Mboto, Ukonga na Kitunda. Sijaacha kazi na sina haraka ya kuacha. Wengi wakinifuata inboksi wananiuliza mtaji. Jamani, mtaji siyo tatizo kihivyo. Mteja akitanguliza asilimia 70, vifaa vyake vyote vinapatikana Kariakoo bila kugusa mshahara. Kinachosumbua ni kwamba king'ora kinaweza kulia saa yoyote, na saa nyingi za mchana wangu nimeshamuuzia mtu mwingine. Biashara yangu yote nimeipanga kulizunguka jambo hilo moja.

Saa 12:00 asubuhi

Daladala ya kutoka Gongo la Mboto, nimesimama, mkoba wa vifaa katikati ya miguu. Nashuka Banana, namwachia mkoba kijana mwenye kibanda cha uwakala wa pesa, napanda gari nyingine hadi kazini.

Mkoba huo siingii nao kiwandani hata siku moja. Getini tunapekuliwa wakati wa kutoka, na ni haki yao. Sasa niambie, mlinzi akikuta rola ya waya na drili kwenye begi la fundi umeme wa kiwanda, utamweleza nini? Hata risiti ukiwa nayo, umeshazua maneno. Ndiyo maana pia waya wangu nanunua rangi ambayo kiwandani haitumiki. Ni tahadhari ndogo, lakini inaniwezesha kulala.

Na kabla ya hayo yote kulikuwa na barua. Mkataba wangu wa ajira unasema kazi nyingine ya kipato lazima mwajiri aijue, kwa hiyo nilimwandikia meneja rasilimali watu kabla sijasajili jina BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Akaniita, tukazungumza, akaniruhusu kwa masharti: si saa za kazi, si kwa vifaa vya kiwanda, na nisijipeleke kwa wateja wa kiwanda. Barua yenye sahihi yake iko kwenye faili nyumbani. Najua wapo wanaoamini ukimwambia bosi anakufukuza. Labda wengine wanafukuza. Lakini kwenye mji huu ambao kila mtu ana binamu kwenye kila ofisi, bosi atajua tu, na bora ajue kwangu.

Saa 1:30 asubuhi

Kazini. Mota ya kompresa inachemka, beringi zimekwisha. Siwezi kuwasimulia zaidi, ni kazi ya mwajiri.

Nitasema tu kwamba simu inakaa kwenye kabati. Kwenye sakafu ya uzalishaji haziruhusiwi. Kuanzia sasa hadi mchana, mteja wangu akivunjiwa duka mimi sipatikani, na akinipigia mara kumi haitasaidia kitu. Hili namwambia kabla hajalipa. Mimi si kampuni ya ulinzi, sina gari la doria wala watu wa kukimbilia tukio. Nafunga mtambo unaopiga kelele na kupiga simu. Nani atapokea simu hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo mafundi wengi wanaiacha wazi.

Saa 7:00 mchana

Mapumziko ya chakula. Wali maharage kwa mama lishe nje ya geti, simu sikioni. Kijana wangu, aliyemaliza chuo cha ufundi cha VETA na ndiye tunayefunga naye, yuko Kariakoo kuchukua vifaa vya kazi ya leo. Ananitumia picha ya betri.

"Kaka, hii ya bei ya chini nayo imeandikwa ampia-saa saba."

"Ipakate mkononi, kisha pakata ile nyingine. Ipi nzito?"

"Hii ya bei ghali."

"Hiyo hiyo. Angalia na tarehe ya kutengenezwa."

Betri hizi ndani yake ni madini ya risasi, na madini hayo hayana njia ya kuwa mepesi. Kwenye lebo mtu anaweza kuandika anachotaka. Tarehe nayo ni muhimu kwa sababu betri iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa imeanza kufa kabla hujaifunga.

Namwambia asilete mzigo getini, ashuke nao Banana. Kisha nampigia dada wa duka la dawa Kitunda kuthibitisha jioni, na kumkumbusha jambo alilokuwa akilipuuzia: laini ya simu ya kuweka kwenye paneli aisajili mwenyewe, kwa namba yake ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, na alama yake ya kidole. Kuna mafundi wanaosajili kwa jina lao ili kumaliza haraka. Siku mkikosana, au siku laini ikifungiwa, nani atakwenda kuirudisha? Mtambo ni wake, basi na laini iwe yake.

Saa 11:30 jioni

Hapa ndipo siku yangu ya pili inaanza. Nimetoka kazini saa 10:30, nimechukua mkoba Banana, na sasa tuko Kitunda ndani ya duka la dawa lenye mlango wa grili mbele, mlango wa chuma nyuma, na dirisha dogo la stoo ambalo mwenye duka anasema halipitishi mtu. Namwomba kijana wangu ajipime. Kichwa kimepita, bega limepita. Dada hasemi kitu, anaandika kwenye karatasi "dirisha".

Kabla ya kuchimba tundu lolote natumia simu ya kawaida kuangalia mtandao upi unashika vizuri pale ukutani paneli itakapokaa. Paneli nyingi za bei ya kwetu zinatumia mtandao wa 2G, hazina haja ya intaneti ya kasi, lakini zinataka minara isiyoyumba. Ukuta wa nyuma unashika pau mbili, ule wa stoo pau nne. Paneli inakwenda stoo, na ni vizuri, mwizi hataiona akiingia.

Kijana anataka betri na paneli viwekwe juu ya dari, visionekane kabisa. Nakataa. Juu ya dari hii ni bati, na bati la Dar es Salaam saa nane mchana ni jiko. Betri za aina hii hupangiwa umri wake kwenye nyuzijoto 25, na kila nyuzi kumi zinapozidi, umri unakaribia kukatika nusu. Betri ya miaka mitatu utaibadilisha kabla ya miwili, na mteja atasema umemuuzia feki.

Sensa naifunga kwenye kona, juu kidogo ya mita mbili, isitazame mlango wa vioo unaopigwa na jua la jioni. Sensa hizi haziangalii sura ya mtu, zinahisi joto linalosogea, na jua likikatiza kwenye kioo linaweza kuzidanganya. Tundu la waya nyuma yake naziba kwa silikoni hadi mwisho. Adui mkubwa wa king'ora cha mtaani kwetu ni mjusi. Akiingia kwenye sensa au akatembea juu ya kioo chake, kwa sensa ile ni kitu kikubwa chenye mwendo, na mtaa mzima unaamka saa tisa usiku. Mara ya kwanza majirani wanatoka na mapanga. Mara ya tatu hakuna anayegeuka kitandani, na hapo hata mwizi wa kweli akija king'ora ni muziki tu.

Kitu kingine ambacho hakionekani lakini nakisimamia kwa ukali ni rezista ya mwisho wa laini, kipande kidogo ambacho paneli inakisoma ili kujua kama waya wa sensa uko salama. Inakaa mwisho wa waya kweli, kule kwenye sensa. Nimefungua kazi za watu nikakuta rezista zote zimebanwa ndani ya paneli kwa sababu pana nafasi na mwanga. Ukifanya hivyo, mtu akiunganisha nyaya mbili njiani, paneli inaona kila kitu ni salama, kumbe sensa imekatwa. Duka la dawa lina wahudumu, wauzaji wa jumla, watoto wa jirani. Si kila mwizi anakuja na nondo usiku.

Saa 1:00 usiku umeme unakatika. Dada anaguna, mimi nafurahi, sasa atajionea mwenyewe. Taa ya paneli inabadilika, sensa zinaendelea. Namfanyia hesabu: mtambo wake unakula kama miliampia 150, betri ni ampia-saa 7, kwa hesabu ya darasani ni saa 46. Mimi namwahidi saa 24, kwa sababu betri huzeeka, na king'ora kikianza kulia kinakula mara nyingi zaidi ya hapo.

Halafu tunafika kwenye simu. Paneli hii inapiga namba tatu kwa mpangilio. Ya kwanza ni yake. Ya pili, mama wa duka la nguo la pembeni, ambaye anaishi nyuma ya duka. Ya tatu nampendekezea mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda pale ng'ambo.

"Bodaboda, fundi? Si ndio hao hao tunaowafungia?"

"Dada, saa tisa usiku nani yuko macho hapa mtaani?"

Ananyamaza kidogo. "Wao."

"Nani atafika ndani ya dakika moja?"

Anacheka, anatoka kwenda kuzungumza nao. Anarudi na namba, na vijana wawili wanaotaka kuisikia sauti ya king'ora ili waijue. Ni wazo zuri kuliko langu. Tunakipiga mara mbili, majirani wanatoka, anawaeleza. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye anapewa taarifa kwa simu, kwa adabu zake zote, kwa kuwa vijana wa ulinzi shirikishi wako chini yake.

Namba yangu haimo kwenye orodha ya simu za wizi. Iko sehemu moja tu, ya meseji za hitilafu: umeme umekatika, betri imeshuka. Hizo zinaweza kusubiri nitoke kazini.

Namwonyesha kuwasha na kuzima, namwachia abadilishe namba ya siri mimi nikiwa nimempa mgongo, namsisitizia kuweka salio la kawaida kwenye laini, si bando la wiki. Analipa asilimia 30 iliyobaki kwa simu. Namlipa kijana hapo hapo kabla hatujaachana. Sitaki hela ya mtu ilale kwangu.

Saa 4:00 usiku

Nyumbani. Ugali umefunikwa, mke wangu anapitia daftari kwa sababu yeye ndiye mhasibu, na ananiuliza kwa nini nauli ya boda ya mzigo haina risiti. Mshahara na biashara vina akaunti tofauti. Hilo ni sharti lake, si langu. Ya biashara ndiyo inayolipa leseni ya Jiji na kodi ya TRA ambayo tunaigawa kwa awamu nne za mwaka, ili Desemba isitukute mikono mitupu.

Tunabishana kidogo juu ya mikataba ya ukaguzi. Yeye anaona niwauzie wateja wote wa zamani ukaguzi wa kila miezi sita kwa ada ndogo. Anachosema ni kweli, hela ya kufunga inakuja na kuondoka, ya ukaguzi inajulikana. Lakini kila mkataba ni Jumamosi niliyoiuza mapema, na Jumamosi zangu ni chache. Tumekubaliana kijana aanze kwenda peke yake kwenye kazi za kubadilisha betri na kusafisha sensa, kwa gawio. Akishika vizuri, tutazungumza tena kuhusu ajira yangu. Kabla ya hapo mshahara unabaki.

Saa 5:10 usiku

Simu inatetemeka mara tatu mfululizo. Umeme umekatika Ukonga, umekatika Kipunguni, umekatika Kitunda tena. Siku hizi majirani wananiuliza mimi umeme umekatika hadi wapi. Meseji ya nne ni ya duka la simu la Ukonga: betri imeshuka, na umeme umetoka dakika chache tu zilizopita. Betri nzima haishuki haraka hivyo. Nampigia mwenye duka, bado hajalala, namwambia king'ora chake leo usiku asikitegemee, ampe mlinzi wa jirani taarifa. Kisha namwandikia kijana: kesho saa 3 asubuhi, Ukonga, betri moja, achukue ile nzito.