Adabu ya redio

Sisi watu wa Lamu tukiachiwa redio ya ndege, ndege itatua Manda na abiria washapanda boti kabla hatujamaliza kuamkiana. Huko angani hakuna habari za nyumbani wala wazee hawajambo. Masafa ya redio ni yale yale kwa marubani wote walio karibu, na wakisema wawili pamoja unasikia mluzi tu.

Mpwa wangu anasomea urubani Nairobi, Uwanja wa Wilson. Akija likizo, baada ya alasiri tunakaa barazani hapa Mkomani, yeye rubani, mimi mnara wa kuongozea ndege. Nimefundisha Kiingereza hadi nikastaafu, basi kazi hii naipenda. Sarufi yake haina neno. Matamshi pia, na hapo nacheka: kusema "tri" badala ya "three", jambo nililowakemea watoto darasani miaka yote, redioni ndiyo kanuni.

Kinachonitia wasiwasi ni malezi yake mema. Mkubwa akisema, yeye "naam". Hakusikia, bado "naam". Nampa kimo, mwelekeo na njia ya kurukia kwa mkupuo mmoja. Anarudia alichokidaka, kilichompita anakinyamazia. Na kurudia ndiko kazi yenyewe. Rubani hurudia alichoambiwa na mwongoza ndege humsikiliza, kama chuoni, mtoto anaposoma aya na mwalimu ametega sikio amkamate anapokosea.

Nikamsimulia safari namba 52 ya Avianca, shirika la ndege la Colombia, kutoka huko kwenda New York, tarehe 25 Januari 1990. Hewa ilikuwa mbaya, ndege ikazungushwa angani zaidi ya saa nzima huku mafuta yakipungua. Rubani mkuu Kiingereza chake kilikuwa kidogo, redio ikawa mikononi mwa msaidizi wake. Huyo aliomba wapewe kipaumbele. Walipojaribu kutua wakashindwa, mkuu akamwamuru awaambie wako katika dharura. Msaidizi akarudia maelekezo aliyopewa, kisha akaongeza kwamba mafuta yanawaishia, "sir". Mkuu akamuuliza, umewaambia? Akajibu kwamba ameshawaambia. Neno dharura halikutoka kinywani mwake hata mara moja, wala "mayday", wito wa redioni wa kuomba msaada. Kwa waongozaji, usiku ule wa foleni ndefu, kulalamikia mafuta hakukuwa jambo geni. Ndege ikaanguka Cove Neck, Long Island. Walikuwamo watu 158, wakafa 73. Haikuwaka moto, hapakuwa na mafuta ya kuwaka.

Wengi husema pale Kiingereza ndicho kilichoua. Mimi mwalimu wa Kiingereza nasita. "Mayday" ni fupi na rahisi kuliko sentensi aliyoitunga yule kijana. Nikiisikia ile "sir", namsikia mtu anayeona haya kuwasumbua wakubwa.

Na Tenerife, kisiwa cha Uhispania, tarehe 27 Machi 1977, wamekufa watu 583, ndege mbili kubwa zimegongana ardhini katika ukungu. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni kwamba rubani msaidizi wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, alisema maneno yasiyoeleweka vizuri kama anaruka au anangoja, na mnara ukaanza jibu lake kwa "OK". Hiyo "OK" na "naam" ya mpwa wangu ni mtu na nduguye.

Kipimo cha lugha cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kina madaraja 6, na rubani wa safari za kimataifa hawezi kuwa chini ya la 4. Wanapima mambo sita, kuanzia matamshi hadi kuelewa na kujibizana, na daraja lako ni lile la chini kabisa kati ya hayo. Ufasaha wa mpwa wangu hautamwokoa akianguka kwenye kujibizana. Wenye Kiingereza chao nao wasijione wamevuka: wako wanaobwaga maneno kasi na misemo ya kwao, mgeni akabaki kubahatisha.

Kwa hiyo siku hizi namharibia makusudi. Nazungumza na kaimati mdomoni, nampa kimo tofauti na cha mwanzo, nakata sentensi katikati. Nataka aniambie "say again", yaani sema tena, bila samahani, bila mjomba. Akithubutu kujibu "naam", kahawa yake naimimina mimi, nainywa mimi.