Omu Tatu za Ziada: Siku Zangu za Uhandisi Mshauri Mtwara

Msimu wa korosho ulikuwa umeshafunguliwa, na magunia yamepangwa hadi karibu na paa la ghala, nilipoitwa na kiwanda kimoja cha ubanguaji mkoani Mtwara ili nishauri kinunuliwe kidhibiti gani cha joto. Tanuri la kukaushia korosho zilizokwisha kubanguliwa lilikuwa limeanza kutoa korosho ambazo ngozi yake ya ndani haibanduki, wamenyaji wakawa wanaikwangua kwa visu, na kila kisu kilipoteleza korosho nzima iligeuka vipande, ambavyo bei yake ni ya chini. Uongozi uliamini kwamba kidhibiti kimeharibiwa na kukatikakatika kwa umeme, na hadidu za rejea nilizopewa ziliandikwa kwa imani hiyo.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeajiriwa kwa miaka kadhaa nikitunza mifumo ya udhibiti, katika kipindi ambacho bomba la gesi kutoka Madimba hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, liliwavuta vijana wengi wa kusini kwenye fani hii. Nikiwa mwajiriwa niliweza kuagiza jambo likafanyika jioni ile ile. Nikiwa mshauri sina wa kumwagiza: nina siku chache nilizolipiwa, vipimo vyangu na ripoti, na nisipoaminiwa na watu wa kiwandani ripoti hiyo itaishia kabatini. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza sikufungua boksi la umeme, bali nilikwenda kwenye meza za wamenyaji.

Mama mmoja mtu mzima, baada ya kuniitikia shikamoo yangu, alichukua korosho kutoka kwenye sinia na kuibinya kati ya vidole viwili.

“Mwanangu, unaona? Inapinda. Iliyokauka hukatika kwa mlio. Hali hii imeanza tangu wahamishe lile boksi.”

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amenitajia kuhamishwa kwa boksi. Nilipouliza, nilielezwa kwamba boksi la udhibiti lilikuwa limeondolewa karibu na tanuri ili kulikinga na joto na moshi wa maganda, uamuzi ambao naona ulikuwa wa busara, likapelekwa chumba kilicho umbali wa mita 40, na waya wa sensa, yaani kifaa kinachohisi joto la tanuri, ukaungwa ili ufike huko.

Sensa yenyewe ilikuwa ya platinamu, aina ya Pt100, ambayo katika nyuzi 0 za selsiasi ina ukinzani, yaani kipingamizi kwa umeme unaopita, wa omu 100, na kila nyuzi inayoongezeka huongeza takribani omu 0.385. Ilikuwa imeunganishwa kwa nyaya mbili tu, nyembamba, za milimita 0.5 za mraba. Tanuri likiwa linafanya kazi, nilipima kwenye kichwa cha sensa nikapata omu 126, ambazo ni nyuzi 67. Nilipopima kwenye boksi, mwisho wa waya, nilipata omu 129, na kioo cha kidhibiti kilisoma nyuzi 75, kama kilivyopangiwa. Omu tatu za waya, mita 40 kwenda na mita 40 kurudi, zilihesabiwa kuwa joto ambalo halikuwapo, na tanuri likawa linazimwa mapema kwa nyuzi nane nzima. Kipimajoto cha kioo tulichokiingiza tanurini kilithibitisha, na sensa tuliyoitumbukiza katika barafu iliyosagwa, tuliyoipata kwa wauza samaki, ilisoma omu 100. Kidhibiti kilikuwa kizima.

Kilichonipa uzito zaidi ya vipimo ni fundi aliyeunga waya ule. Alisimama nyuma yangu muda wote, na nilijua anafikiria ajira yake.

“Injinia, utaandika kwamba ni mimi?”

Nilimjibu kwamba nitaandika kilichopimwa, kisha nikampa mita apime mwenyewe mara ya pili. Katika ripoti nilieleza kwamba kazi ya kuhamisha boksi ilifanyika bila mchoro, na kwamba mchoro ni wajibu wa uongozi, jambo ambalo ni kweli tupu. Meneja hakulipenda mara moja, kwa sababu ankara ya kidhibiti kipya ilikuwa imekwisha kuombwa. Muuzaji alikuwa ameniahidi kamisheni, nami nilikuwa nimeikataa, kwa kuwa sioni namna mtu anavyoweza kushauri kwa haki huku analipwa na pande mbili.

Tulivuta waya mpya wenye nyaya tatu ndani yake, ambao hukiwezesha kidhibiti kupima ukinzani wa waya na kuutoa kwenye hesabu, tukabadilisha mpangilio ndani ya kidhibiti kutoka nyaya mbili kwenda tatu, na fundi ndiye aliyekaza skrubu zote. Ndani ya mlango wa boksi tulibandika jedwali la omu na nyuzijoto, kwa mwandiko wake.

Sinia la kwanza lilipotoka, nililipeleka kwa yule mama. Alichukua korosho moja, akaisugua kwa kidole gumba, ngozi ikadondoka yote mezani, naye akavuta sinia lote upande wake akaanza kumenya.