Hizi rock zinafanana tu au watu wanaibiana?

Jana nilikuwa naskiza Creep ya Radiohead halafu ikafuata The Air That I Breathe ya The Hollies, weee nikarudisha nyuma fasta, melodi si ndo ileile jamani?? Kumbe walishamalizana kitambo, watunzi wa ule wa zamani, Albert Hammond na Mike Hazlewood, wameandikwa kwenye Creep na mgao wanakula. Hapo usiniambie imetokea tu.

Ila Stairway to Heaven mi nawatetea Led Zeppelin. Ule mwanzo wa gita noti zinashuka taratibu tu, na muziki ulikuwa unashuka hivyo karne na karne kabla gita la umeme halijazaliwa, na waliposhtakiwa, juri ya 2016 mahakamani ikasema hawakuiba Taurus, wimbo wa bendi ya Spirit, na rufaa 2020 ikabaki hivyohivyo.

Anayenichanganya ni George Harrison, yule wa The Beatles. 1976 jaji alisema My Sweet Lord imeiga He's So Fine ya The Chiffons bila mwenyewe kujua, yaani wimbo wa mtu unakaa kichwani unatoka kama wako!! Sa hivi nikipata melodi tamu kwenye gita namrushia kwanza mshkaji, aniambie ni ya nani 😂