Proksi Kwanza, Ruta Baadaye
Kompyuta ya ofisini inapopelekwa nyumbani na kurasa zikakataa kufunguka, ilhali simu iliyounganishwa na Wi-Fi ileile inafanya kazi vizuri, mimi huanza na mipangilio ya proksi, yaani seva ya kati inayopitisha mawasiliano kati ya kompyuta na tovuti, kwa sababu mara nyingi kivinjari bado kinaitafuta seva ya ofisini, tuseme 10.0.0.5 kwenye poti 3128, ambayo haifikiki kutoka nje. Zima proksi kwenye mipangilio ya kompyuta hiyo, kisha ujaribu tena. Kuwasha upya ruta, jambo ambalo wengi hulikimbilia, huwakatia wenzako mtandao bila kugusa kosa lenyewe. Kurasa zikikataa kufunguka ukiwa ofisini, tafadhali soma namba ya kosa: 407 maana yake proksi imepatikana lakini inadai jina na nywila, ilhali 504 huonyesha kwamba imeisubiri tovuti bila kujibiwa kwa wakati.