Tulivyojipanga kuishi na swila kwenye mawe ya Luchelele

Anayejenga Mwanza anajenga kwenye mawe, na mawe yana wenyewe. Kiwanja chetu kipo Luchelele, upande wa ziwani, na kipande kikubwa kimekaliwa na jiwe ambalo mafundi walilizunguka tu, maana gharama ya kulipasua ilikuwa inatutisha. Kabla hatujamwaga msingi, fundi aliniita akanionyesha gamba alilojivua nyoka, limenasa kwenye ufa, jepesi kama karatasi ya sigara, hata alama za macho zinaonekana. "Mama, jenga," akasema, "ila wenyeji wako hawa uwajue kabla hujalaza watoto hapa."

Nikaanza kuuliza. Niliwauliza wavuvi, wachunga ng'ombe, na mzee mmoja wa Kisesa ambaye ujana wake aliupitisha kwenye Buyeye, kile chama cha Wasukuma wanaocheza ngoma na nyoka. Kila nyoka mweusi huku kwetu anaitwa koboko, lakini wote walipokwisha kunieleza walichokiona kwa macho yao, majina yaliyorudi mara kwa mara yalikuwa mawili: swila, yule anayetema mate, na kifutu. Baada ya hao, nge na nyuki.

Ushauri wa kuwafukuza niliupata bure kila kona. Mwaga mafuta ya taa, twanga vitunguu saumu, choma mpira wa gari, zungushia chumvi. Yule mzee alisikiliza yote kwa utulivu, akaniuliza swali moja: "Mahindi yako umeyaweka wapi?" Nikamwonyesha magunia kwenye chumba cha nyuma, yamepangwa sakafuni, na pumba za kuku pembeni. Akasema panya anafuata mahindi, na swila anamfuata panya. Chumvi haimzuii mwenye njaa.

Hapo ndipo kazi ilipoanzia, na mpaka leo naamini ndiyo iliyotusaidia kuliko kitu kingine chochote. Mahindi yakahamia kwenye mapipa yenye mifuniko. Chakula cha kuku kinatolewa asubuhi, kinachobaki kinafagiliwa kabla ya jua kuzama. Banda la kuku tulilisogeza mbali na ukuta wa nyumba, tukalizungushia wavu wenye matundu madogo, kwa sababu mayai na vifaranga navyo ni karamu. Kuni zilizokuwa zimerundikwa jikoni tukazitengenezea kichanja kinachofika magotini, chini pabaki peupe. Matofali yaliyosalia baada ya ujenzi nilimpa jirani, maana rundo la matofali lililokaa mvua mbili ni nyumba ya nge. Majani tunafyeka mpaka kwenye mwamba, na nyufa zilizo karibu na mlango tulizijaza kokoto na saruji, baada ya kuchungulia kwa tochi mchana kweupe. Chini ya mlango fundi akapigilia kipande cha mpira mgumu, uwazi ule wa vidole viwili ukaziba.

Jiwe kubwa lenyewe hatukuligusa. Waliomo humo tumewaachia upande wao, na watoto wanajua mwisho wa uwanja wao ni wapi.

Kitu kingine nilichojifunza kwa yule mzee ni namna ya kuinua jiwe. Watu wengi huingiza vidole chini ya ukingo ulio karibu nao, wakalisukuma jiwe kwenda mbele. Yeye alichukua jembe, akalipitisha upande wa mbali, akalivuta jiwe kuelekea kwake. Likainuka, likasimama kati yake na shimo. Chini yake alikuwepo nge mweusi, mkia juu, lakini miguu ya mzee ilikuwa imekingwa na jiwe lenyewe. Alirudia mara kadhaa mpaka mikono yangu ikashika. Leo hakuna anayeinua jiwe, tofali wala gogo kwangu kwa mtindo mwingine, na aliye kwenye kazi hiyo anavaa buti za mpira na miwani ya plastiki ya mafundi. Miwani ni kwa ajili ya swila. Anaweza kurusha sumu mita mbili, hata zaidi, na analenga uso.

Sumu hiyo nimeiona ikifanya kazi. Mdogo wa mume wangu alikuja kutusalimia, akaenda kuchukua mbao nyuma ya choo, mahali tulipokuwa bado hatujapasafisha. Nikasikia kelele, nikamkuta ameshika uso kwa mikono miwili. "Shemeji, macho yanaungua!" Jirani akawa anakimbilia maziwa. Nikamwambia alete ndoo ya maji kwanza, maana maji yalikuwa pale pale. Nilimketisha, nikamzuia kujisugua, mmoja akamfungua kope kwa vidole, mimi nikawa namimina kwa jagi polepole, kutoka puani kwenda pembeni, jicho moja kisha la pili. Tulimaliza ndoo, tukaanza nyingine. Maziwa yanafaa kama maji hayapo, kwa sababu kinachotakiwa ni kuiosha sumu iondoke haraka. Hospitali walimpima, wakakuta mkwaruzo kwenye jicho la kushoto, wakampa dawa ya matone, akapona na kuona vizuri. Jicho lisilooshwa mapema linaweza kupata kidonda na hata upofu.

Kifutu ni habari nyingine. Huyu hakimbii. Amefanana na majani makavu na anategemea usimwone, kwa hiyo anatulia mpaka umkanyage. Njia yetu ya kwenda ziwani inapita kwenye majani, na jioni ndipo watu wanarudi na ndoo, mikono imejaa, tochi hakuna. Baba mmoja jirani aliumwa hapo, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Nilipofika, vijana walikuwa wameshatoa mpira wa baiskeli wamfunge, na mmoja ana wembe. Niliwasihi waache vyote viwili. Kufunga kwa nguvu kunakata damu na mguu unaweza kufa, kuchanja kunaongeza jeraha na kutoka damu, na jiwe jeusi la nyoka ambalo bibi mmoja alikuwa analileta halivuti sumu. Tulimlaza, tukamvua viatu na saa kabla uvimbe haujapanda, tukafunga ubao kando ya mguu kwa khanga ili usitikisike. Hakutembea hata hatua moja. Bajaji ilikuja mpaka chini ya mwembe.

Kituo cha kwanza tulichofika hakikuwa na dawa ya sumu ya nyoka. Nilijua inawezekana, kwa sababu nilishawahi kupita huko na kuuliza, na simu ya hospitali kubwa mjini tulikuwa tumeiandika ukutani, tukapiga tukiwa njiani. Hatukumbeba nyoka wala kumsaka. Daktari alitueleza kwamba dalili za mgonjwa ndizo zinazomwongoza, kwamba wengine huumwa bila kuingizwa sumu, na kwamba dawa hiyo inaweza kumletea mtu mzio mkali, ndiyo maana hutolewa hospitalini akiangaliwa. Nilimuuliza kuhusu watoto, akaniambia mtoto hupewa kiasi kile kile cha mtu mzima, maana nyoka hapunguzi sumu kwa sababu aliyeumwa ni mdogo. Jirani alilazwa, mguu ukavimba vibaya, lakini anatembea.

Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani. Nikisoma takwimu hizo nawaona wenye ndoo jioni, na watoto wanaolala kwenye mkeka. Swila huingia ndani usiku akifuata panya, na anayelala chini ndiye anayeumwa akijigeuza. Kwetu kila mtoto ana kitanda, na chandarua kinachomekewa chini ya godoro pande zote. Ni kile kile cha malaria. Usiku hakuna anayeweka mguu chini bila kuwasha tochi, na viatu vinakung'utwa kila asubuhi kwa ajili ya nge.

Nyuki walihamia kwenye ufa wa juu wa jiwe msimu mmoja wa mvua. Majirani walitaka kuwachoma moto. Nilimtafuta mfugaji kutoka Magu, akaja usiku na bomba la moshi, akawahamishia kwenye mzinga wake. Watoto nimewafundisha: ukishambuliwa, vuta shati lifunike uso, kimbia bila kusimama, ingia ndani ufunge mlango. Usipunge mikono. Miiba itolewe upesi kwa kucha au chochote, kwa sababu inaendelea kusukuma sumu. Na wasikimbilie ziwani: nyuki husubiri juu ya maji mpaka kichwa kitokeze, na ufukwe wetu una mamba.

Kwa habari ya mamba sina mengi. Hatuogi wala kufulia kwenye matete, maji tunachota pale palipo wazi, mchana, watu wakiwa wengi, na kwa ndoo yenye kamba ndefu.

Jambo ambalo bado linanisumbua ni dawa. Kutoka kwetu mpaka hospitali ni safari inayowezekana kwa sababu barabara ipo. Wenzetu wa visiwani wanasubiri mtumbwi. Tumemwandikia mwenyekiti wa mtaa barua, kina mama tumetia saini, tunaomba kituo cha afya cha karibu kiwe na dawa hiyo pamoja na mhudumu aliyefundishwa kuitoa. Ameipokea, na itasomwa kwenye kikao cha maendeleo ya kata.