Koki ya Bluu

Mpiga picha aliwaambia watoto wacheke. Walikuwa 12, wa darasa la tano na la sita, wamepangwa mbele ya kisima kirefu kilichokuwa kimemalizwa kuchimbwa shuleni kwao, huko Arumeru. Sweta za kijani, nyingine zimetoboka viwiko. Wakacheka kweli, maana yule kijana alikuwa na maneno yake ya kuchekesha. Lakini karibu wote, kwa mara moja, waliinua mkono wakafunika mdomo. Akawaomba washushe mikono. Wakashusha, na kicheko kikakatika hapo hapo.

"Hawa wana aibu," akaniambia, akainama kubadilisha lenzi.

Nilikuwa nimesimama pembeni, faili kifuani. Ndani yake mlikuwa na hati ya makubaliano ya kurasa 11 niliyoiandika mwenyewe, baina ya shamba moja la maua, shule hiyo na serikali ya kijiji. Ilikuwa mwishoni mwa Mei 2014, tope la masika bado halijakauka njiani. Kazi yangu wakati ule ilikuwa hii hii ninayoifanya hadi leo: kampuni inataka kufanya jambo kwa ajili ya watu wanaoizunguka, mimi nakaa katikati, nasikiliza kila upande, naandika makubaliano, kisha nafuatilia kama yametimizwa. Moyo wangu ulikuwa kwa watoto. Machi 2012, UNICEF, Save the Children na UN Global Compact, mpango wa Umoja wa Mataifa na makampuni, walitoa kanuni 10 za haki za watoto katika biashara, nami nilitembea nazo kwenye mkoba, zimechakaa pembe kwa kufunuliwa. Kwenye ukurasa wa pili wa hati yangu niliandika kwamba kampuni itawapatia wanafunzi "maji safi na salama".

Maji yalikuwa yamepimwa vijidudu tu, yakaonekana hayana. Hilo neno "salama" niliandika bila kuuliza zaidi.

Binti mmoja wa darasa la sita, ambaye hapa nitamwita Neema, alikuwa akinijibu mkono ukiwa mdomoni. Mara mdogo wake akaja mbio kutoka getini, mtoto wa miaka minne hivi, ameshika kikombe cha plastiki, anacheka meno yote nje, meupe pe. Nitamwita Baraka. Neema aliposhusha mkono ampokee kikombe ndipo nikayaona ya kwake: kahawia, rangi ya chai iliyokolea, yana mistari ya chokaa na vishimo vidogo vidogo kwenye yale mawili ya mbele. Alikuwa na miaka 12.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Nilikuwa nimekaa Arusha miaka mitatu na meno ya namna ile nilishayaona kila mahali, kwa konda wa daladala, kwa mama muuza ndizi pale Tengeru, kwa karani wa benki. Nilishayazoea kiasi cha kutoyaona tena. Siku ile, kwa sababu ya ile mikono midomoni, niliyaona.

Watu wa huku hawahitaji kuelezwa, ila kwa msomaji wa mbali niseme. Mlima Meru ni volkano, na miamba yake ina madini ya floridi. Maji yakipita ardhini huyayeyusha na kuyabeba, na mara nyingi kadiri unavyoteremka chini ya mlima ndivyo yanavyozidi. Barabara ya kwenda Moshi, ukishapita Usa River, unavuka mto uitwao Maji ya Chai, nao una floridi nyingi. Floridi kidogo huimarisha meno. Ikizidi humpata mtoto kabla hata meno hayajatoka, maana meno ya kudumu hujengwa ndani ya fizi tangu utotoni hadi umri wa miaka minane hivi, na yakishatoka yamebadilika rangi hayarudi. Ikizidi sana kwa miaka mingi hufika kwenye mifupa. Magoti hupinda, mgongo hukakamaa. Maji yenyewe unayaona meupe, hayana harufu, hayana ladha.

Nikamwuliza Neema kama naweza kumsalimia mama yake. Akanipeleka kwa bibi yake, nyumba ya tatu kutoka shuleni, migomba mbele, banda la ng'ombe nyuma. Nilimwamkia, akanikaribisha kigoda jikoni. Kwenye mafiga kulikuwa na sufuria kubwa jeusi la maji, linatokota. Liliendelea kutokota muda wote tuliozungumza. Nilipotaka kuaga nikachungulia: alama ya maji ya mwanzo ilikuwa juu karibu na ukingo, maji yenyewe yamebaki nusu.

"Haya ni ya kunywa watoto," bibi akasema kwa fahari. "Kliniki walituambia tuchemshe. Wengine wanachemsha kidogo tu. Mimi nayachemsha mpaka yaive."

Sikumwambia kitu. Niliishia kumshukuru na kuondoka, na njia nzima hadi mjini sikuzungumza na dereva. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floridi haifi wala haipai na mvuke. Maji yakipungua, floridi hubaki, hukolea. Bibi yule, kwa kuni zake mwenyewe na kwa upendo wote, alikuwa akiwazidishia wajukuu wake.

Kesho yake nikalipia kipimo cha pili kwa fedha yangu. Majibu yalitoka Alhamisi, tarehe 12 Juni: miligramu 3.6 kwa lita. Uzinduzi ulipangwa Jumatatu ya tarehe 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, siku inayowakumbuka wanafunzi wa Soweto wa 1976. Maturubai yalikwisha kulipiwa. Mgeni rasmi alikwisha thibitisha. Bango lilikwisha chapwa, picha ile ile ya watoto waliofunga midomo.

Meneja alinipokea jioni hiyo hiyo. Alikuwa mtu mwema, na nasema hivi kwa dhati. Kuna watoto wa vibarua wake aliowalipia ada kimya kimya. Akaisoma karatasi mara mbili.

"Dada yangu, mbona hapa tuko sawa? Kiwango cha nchi ni miligramu 4. Sisi tuna 3.6."

Alisema kweli. Miaka ya 1970 nchi ilijiwekea kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa sababu sehemu nyingi hazikuwa na maji mengine, kikashuka hadi 4, na mwaka ule ndipo kilipokuwa kimesimama. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likishauri 1.5. Ni baadaye ndipo Tanzania nayo ilipoishusha hadi hapo.

"Sheria imeruhusu," nikamwambia, "lakini hati yetu haikusema maji yanayoruhusiwa. Imesema salama. Na Mkataba wa Haki za Mtoto tulioridhia 1991, kifungu cha 24, unataja maji safi ya kunywa pamoja na afya ya mtoto. Siwezi kusimama na wewe tukate utepe nikijua."

"Kwa hiyo tufukie kisima?"

Mezani kwake palikuwa na chupa mbili za maji ya dukani, moja imefunguliwa. Niliziona tangu nilipokaa. Sikuzigusia. Ningemwaibisha, na nilikuwa nahitaji awe upande wangu baada ya siku ile, miaka kadhaa.

Badala yake niligeuza bahasha tukapiga hesabu. Wanafunzi 400 na ushee. Mtoto, ukijumlisha maji ya kunywa na ya uji wa saa nne, anatumia lita moja na nusu awapo shuleni. Ni kama lita 600 kwa siku. Kisima kilikuwa kinatoa maelfu. Maji ya kunawa, ya vyoo, ya kufulia, ya bustani, hayo floridi haina shida nayo, na shule isiyo na maji ya kunawa ina maradhi yake mengine. Kazi iliyobaki ilikuwa kutenga hizo lita 600 tu na kuzisafisha. Nilimwona akivuta kalamu. Watu wa shamba ukiwapa kiasi na muda, wanakuelewa kuliko ukiwapa kanuni.

Mwanzo alitaka matangi ya kuvuna maji ya mvua. Wazo zuri, ila masika yalikuwa yameisha. Matangi yangekaa matupu mpaka vuli. Tukarudi kwenye kitu kilichokuwa karibu kabisa nasi. Pale Ngurdoto, kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floridi kilikuwa kikitumia mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo ili isigeuke majivu, inasagwa chembe chembe, inajazwa kwenye chujio, na maji yakipita humo floridi hunaswa. Mkaa huo huchoka. Ukichoka, maji yanatoka vile vile meupe, na huwezi kujua kwa macho. Kwa hiyo nani ataununua mwingine? Nani atapima, na kila baada ya muda gani? Hapo ndipo hati yangu ya kurasa 11 ilipokuwa tupu kabisa. Nilikuwa nimeandika sana juu ya siku ya kukabidhi na sikuandika chochote juu ya siku ya mia mbili baada ya kukabidhi. Niliomba kampuni igharimie mkaa na vipimo vya kila miezi mitatu kwa miaka mitano. Tukabishana hadi saa mbili usiku. Akakubali mitatu, kwa sharti kwamba mwaka wa tatu kamati ya maji ya kijiji ianze kuchangia.

Jambo moja ndilo lililobaki, na lilikuwa gumu kuliko fedha. Nilitaka wazazi waambiwe. Meneja aliogopa jina la kampuni. Mwalimu mkuu aliogopa kingine, na hofu yake niliiheshimu zaidi: "Madamu, ukiwaambia maji yana sumu hawatachota hata ya kunawa. Watarudi mferejini, wanywe na ng'ombe."

Tarehe 16 hakukuwa na utepe. Mgeni rasmi aliombwa radhi, na diwani hakufurahi. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo, lakini wazazi walikuja wengi, wakakaa kwenye madawati yaliyotolewa nje. Nilieleza kama nilivyoeleza hapa, polepole. Nikawaambia na habari ya magadi, maana magadi tunayolainishia makande nayo hubeba floridi. Kulikuwa na kunong'ona. Mzee mmoja mwenye kofia ya kushonwa akauliza mifupa hiyo ni ya mnyama gani. Nikamwambia ng'ombe. Akaitikia kwa kichwa, akaketi.

Kisha akasimama mzee mwingine, kwa kusaidiwa. Miguu yake ilikuwa imepinda nje kama upinde.

"Sisi tulipokuwa wadogo," akasema, "baba zetu hawakuturuhusu kunywa maji ya huku chini. Ya kunywa tulifuata juu, msituni, asubuhi. Ya huku ni ya kufulia na mifugo. Baadaye watu wakawa wengi, njia ikazibwa na mashamba, watoto wakaenda shule. Mlipokuja kutafuta pa kuchimba, mngetuuliza tu."

Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza habari ya koki za aina mbili, za kunywa na za kunawa, kana kwamba imetoka kichwani mwangu. Ilikuwa ni desturi yao kabla sijazaliwa. Kwenye hatua zangu zote za ushauri, kikao na mwenyekiti, na mtendaji, na mwalimu, na meneja, sikuwa nimetenga hata nusu saa ya kukaa na mtu wa umri ule nikamwuliza walikuwa wakinywa nini.

Bibi yake Neema alikuwa amekaa dawati la pili, kanga imefunika kichwa. Hakusimama. Aliuliza kwa sauti ya chini, watu wakanyamaza ili wasikie.

"Na mimi niliyekuwa nachemsha mpaka yaive?"

Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake. Nilimwambia alifanya alivyofundishwa, na kwamba aliyemfundisha alikuwa anafikiria kipindupindu na kuhara. Nikamwambia pia ukweli, kwamba yakipungua yanakolea. Akaitazama mikono yake. "Basi," akasema. Nimelisikia lile "basi" miaka yote hii.

Nilirudi Oktoba. Matangi mawili yalikuwa juu ya mnara, moja kubwa, moja dogo lenye chujio chini yake, na ukutani koki sita nyekundu za kunawa na mbili za bluu za kunywa. Kipimo cha Septemba kilikuwa kimebandikwa mlangoni kwa mwalimu mkuu, chini ya 1.5. Kila jioni wenye watoto wadogo walipewa lita tano za kwenda nazo nyumbani. Hilo halikuwamo kwenye hati, kamati iliamua yenyewe.

Neema alikuja kuniamkia, Baraka nyuma yake na chupa ya maji mkononi. Aliangalia pembeni kwanza kama kuna mtu karibu.

"Madamu, nikinywa ya bluu, yangu yatakuwa meupe?"

"Hapana, mwanangu. Yako yalishajengwa. Daktari wa meno anaweza kuyafunika yakapendeza, lakini maji hayawezi kuyarudisha."

"Na ya Baraka? Yakishang'oka haya?"

"Ya Baraka bado yako ndani ya fizi. Yanajengwa sasa hivi."

Akamgeukia mdogo wake, akaichukua ile chupa, akainusa, akamwuliza ameijaza wapi. Mtoto akaonyesha koki nyekundu. Neema akaimwaga yote kwenye maua, akaisuuza mara mbili, akaenda kupanga foleni kwenye ya bluu.